Patografu Safi Kupita Kiasi: Nadharia ya Darasani na Kazi ya Wodini katika Mafunzo ya Wauguzi Kisumu

Wakufunzi wa uuguzi na wasimamizi wa wodi wanapokutana katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, kuna kauli moja ambayo haikosi kutolewa, tena hutolewa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa: mwanafunzi anajua darasani, akifika wodini hatendi anachokijua. Hilo ndilo linaloitwa pengo kati ya nadharia na vitendo. Msimamizi wa wodi humshutumu mkufunzi kwa kumletea vijana wa vitabuni. Mkufunzi naye huwashutumu wauguzi wa wodini kwa njia zao za mkato. Wakishachoka kushutumiana, huafikiana kwamba tatizo ni mwanafunzi wa siku hizi, na dawa inayopendekezwa haibadiliki: maabara kubwa zaidi ya stadi, midoli ya mafunzo ya kisasa zaidi, saa zaidi za mazoezi, kurasa zaidi katika kitabu cha stadi kinachotiwa sahihi.

Makala haya yanapinga utambuzi huo wa ugonjwa pamoja na dawa yake. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi huitumia nadharia ya darasani, mara nyingi kwa ustadi mkubwa, ila huitumia pale inapoulizwa na kutahiniwa, yaani kwenye karatasi. Wakati huohuo wodi humfundisha nadharia nyingine: nani ahudumiwe kwanza, nani asubiri, na kazi gani iachwe bila kufanywa zamu ikiwa na watu wawili. Nadharia hiyo ya pili haiandikwi, haitajwi wala haisahihishwi. Hatuna pengo la ujuzi; tuna nadharia mbili zinazofanya kazi chini ya paa moja, na moja tu ndiyo inayokiriwa. Ushahidi nitakaoutegemea kuliko mwingine wote ni fomu moja ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi na ukunga nchini Kenya anaifahamu: patografu, chati ya maendeleo ya uchungu wa kuzaa.

Kisumu inafaa kuchunguzwa kwa sababu wanafunzi ni wengi na wodi ni chache. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, kina kampasi yake mjini. Chuo Kikuu cha Maseno kinafundisha uuguzi. Chuo Kikuu cha Uzima cha Kanisa Katoliki kinafundisha pia. Wote hatimaye hubisha hodi katika milango ileile: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa Oktoba 1969, siku iliyoishia kwa risasi na vifo, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lumumba, na nje kidogo, Ahero, Chulaimbo, Kombewa. Baada ya Katiba ya 2010, hospitali za umma ziliingia mikononi mwa kaunti mwaka 2013. KMTC na Baraza la Wauguzi vilibaki kuwa vyombo vya kitaifa. Kwa hiyo anayemfundisha mwanafunzi darasani ana mwajiri mmoja, anayemwelekeza kitandani ana mwingine, na huyu wa pili hana fungu lolote la mshahara linalosema kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake. Anafundisha kwa hisani. Juni ya mwaka huohuo wa 2013 ada za kujifungua zilipoondolewa katika vituo vya umma, akina mama walikuja kwa wingi, jambo jema kabisa, lakini muda wa hisani hiyo ukapungua.

Kwamba wauguzi wapya hushtuka wanapokutana na wodi, hakuna anayebisha. Marlene Kramer alilieleza jambo hilo nchini Marekani mwaka 1974, na maandishi yaliyofuata yamerudia zaidi kuliko yalivyoongeza. Barbara Carper, mwaka 1978, aliongeza kwamba muuguzi ana njia nne za kujua: ya kisayansi, ya sanaa ya kazi, ya nafsi na ya maadili. Sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na jinsi Patricia Benner anavyosomwa vyuoni mwetu. Katika kitabu chake cha mwaka 1984, From Novice to Expert, Benner aliazima ngazi tano za ustadi kutoka kwa ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, akaonyesha kwamba mwanagenzi huhitaji kanuni, na bingwa huiona hali nzima kwa mara moja bila kupitia kanuni mojamoja. Kutokana na hilo wakufunzi wetu wamejitolea hukumu ambayo Benner hakuitoa: mpe mwanafunzi kanuni, azifuate, busara ya kuchagua itakuja na miaka. Usomaji huu unadhani kwamba mwanagenzi anaruhusiwa kuwa mwanagenzi. Benner aliandika kuhusu hospitali za Marekani, ambako bingwa yuko hatua chache kutoka kwa mgeni. Katika wodi ya hospitali ya kaunti usiku, mwanafunzi wa mwaka wa tatu haulizwi kama amefika ngazi ya kuchagua. Anachagua. Mama wa kitanda cha nne anapiga kelele, mama wa kitanda cha kwanza amenyamaza kwa namna isiyopendeza, muuguzi pekee wa zamu yuko na mzazi mwingine chumbani, na simu inasema kuna rufaa inakuja kutoka Kombewa. Kumwambia kijana huyu kwamba suala la kuchagua litafundishwa baadaye ni kumwacha ajifunze kuchagua bila mwalimu.

Dhana ya pili ninayoipinga ni ile ya maabara ya stadi. Nisieleweke vibaya: kumpumulisha mtoto mchanga kwa puto na barakoa ni jambo la kujifunza kwenye mdoli kabla ya kumgusa mtoto wa mtu, na mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyoanzishwa mwaka 2010, yamesaidia mikono mingi kuzoea. Lakini mdoli hana jirani. Kila zoezi la maabara ni la mgonjwa mmoja, mwanafunzi mmoja, vifaa kamili, na saa ya ukutani isiyomkimbiza mtu. Stadi inayohitajika wodini, ya kugawa umakini mmoja kwa watu watano, ndiyo hasa isiyoweza kuonekana mbele ya mdoli mmoja. Kununua midoli zaidi kwa nia ya kuziba pengo ni kuimarisha upande ambao tayari una nguvu.

Sasa nije kwenye patografu. Wakufunzi wengi huifundisha kama fomu. Ni vyema tuikumbuke kama hoja. Emanuel Friedman, jijini New York mwaka 1954, ndiye aliyeanza kuchora kwa utaratibu jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka kulingana na saa. Lakini iliyogeuza mchoro wa mtafiti kuwa chombo cha mkunga ni kazi ya R. H. Philpott na W. M. Castle iliyochapishwa mwaka 1972 kutoka Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Wao walikuwa na shida ambayo mtu wa Mbita au Usenge ataitambua mara moja: madaktari walikuwa hospitali kuu, akina mama wengi walikuwa katika zahanati za mbali chini ya wakunga, na swali lilikuwa mkunga ajue vipi kwamba saa ya kumsafirisha mama imefika. Wakachora mstari wa tahadhari, uliotokana na mwendo wa wale waliokuwa wa polepole zaidi kati ya wazazi wa mara ya kwanza, na saa nne kulia kwake wakachora mstari wa kuchukua hatua. Zile saa nne ni muda wa safari. Ni barabara, gari na foleni vilivyogeuzwa kuwa nafasi kwenye karatasi.

Ukilifikiria hilo ukiwa ufukweni mwa ziwa hili, chati ile inapata uhai. Mama aliyeko Mfangano au Mageta hana saa nne za barabara. Ana boti, ana upepo unaobadilika baada ya adhuhuri, na ana usiku ambao wavuvi wenyewe hupima mara mbili kabla ya kumvusha mtu. Mkunga wa kisiwani anayeielewa hoja ya Philpott angeusogeza mstari kichwani mwake: kwangu mimi saa ya kuamua ni mapema zaidi. Huko ndiko kutumia nadharia. Lakini darasani mistari hiyo miwili hufundishwa kama sheria za maumbile, sentimita 1 kwa saa, na maswali ya mtihani huuliza iko umbali gani, si kwa nini iko hapo. Tumeipokea nadharia iliyozaliwa katika uhaba, tukaufuta uhaba wenyewe, kisha tunashangaa kwamba haikubaliani na wodi yenye uhaba.

Hesabu ni hii. Kanuni inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa katika kipindi cha uchungu uliokolea, na mikazo ya mji wa mimba ihesabiwe kila nusu saa kwa dakika 10, mkono ukiwa juu ya tumbo. Mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa 4, na shinikizo la damu vivyo hivyo. Chukua mikazo peke yake: dakika 10 kila nusu saa ni dakika 20 kwa saa kwa mama mmoja. Akina mama watatu wanamaliza dakika 60. Muuguzi wa zamu yenye akina mama watatu tu katika uchungu uliokolea, asipoandika neno, asipotundika dripu, asipompokea mtoto, asipomjibu mtu simu wala kwenda msalani, ameshaimaliza saa yake kwa kuhesabu mikazo. Ana mkono mmoja wa kuweka juu ya tumbo moja. Hesabu hii haihitaji utafiti, inahitaji kalamu. Hata hivyo sijawahi kuiona katika mhadhara wowote wa patografu, na nadhani sababu ni kwamba ukishaiandika ubaoni, swali linalofuata kutoka nyuma ya darasa ni: basi tufanye nini? Nalo halina jibu kwenye kitabu.

Wanafunzi wamelijibu wenyewe. Katika miaka ya kufuatana nao katika wodi za kujifungulia za ukanda huu, ambazo sitazitaja kwa sababu jambo lenyewe haliko kwao peke yao, nimezoea kuona patografu za aina mbili. Aina ya kwanza ina nafasi tupu. Saa zake ni za ajabuajabu, saa nane na dakika ishirini, saa tisa kasorobo; kuna nambari iliyokatwa na nyingine kuandikwa juu yake; wino wa bluu umefuatwa na mweusi; na mahali pamoja pana pengo la saa moja na nusu ambalo mtu yeyote aliyekuwapo anajua kwamba ndiyo saa ile mama mwingine alipotokwa na damu. Aina ya pili ni safi. Kila kipimo kimeangukia nusu saa kamili. Mapigo ya moyo wa mtoto yanapanda na kushuka kwa utulivu, 136, 140, 138, 142. Kichwa kinashuka hatua kwa hatua. Mstari wa kufunguka kwa mlango wa kizazi unapanda kando ya mstari wa tahadhari, kidogo upande wa kushoto, na wino ni mmoja mwanzo hadi mwisho.

Hii ya pili hupewa alama za juu. Hii ya pili, katika hali nyingi, imechorwa baada ya mtoto kuzaliwa.

Mbinu yenyewe wanafunzi hurithishana bila kificho kikubwa. Unaanza na saa ya kuzaliwa, ambayo ndiyo pekee yenye uhakika. Unarudi nyuma: saa fulani mlango ulikuwa umefunguka wote, sentimita 10, saa moja kabla yake sentimita 9, unashuka hivyo mpaka ufikie saa mama alipopokelewa. Kisha unajaza mapigo ya moyo yasiyozidi wala kupungua sana, unaongeza mikazo kutoka miwili hadi minne kwa kila dakika 10, unakumbuka kushusha kichwa. Hebu tuliangalie jambo hili kama wasomi kabla ya kulihukumu kama wazazi. Ili kubuni uchungu wa kawaida unaoaminika, lazima ujue ni upi uchungu wa kawaida. Lazima ujue uhusiano kati ya mikazo na kufunguka, kati ya kufunguka na kushuka kwa kichwa, mipaka ya mapigo ya moyo, na nafasi ya ile mistari miwili. Mwanafunzi asiyejua nadharia hawezi kutunga patografu hii. Ataweka kichwa kikipanda, au mapigo ya 180 bila maelezo. Chati ya kubuni ni mtihani wa nadharia uliofaulu. Inakuwaje basi tuseme kwamba ujuzi wa darasani haujamfuata wodini? Umemfuata mpaka kwenye kalamu, ukakomea hapo, kwa sababu kalamu ndiyo tuliyokuja kuikagua.

Kuna jambo la kisayansi linaloipa hoja hii uzito zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mwendo wa sentimita 1 kwa saa haufai kutumiwa kama kipimo cha uchungu wa kawaida kwa kila mama, kwa kuwa wanawake wengi hujifungua salama kwa mwendo wa polepole kuliko huo, hasa kabla ya kufikia sentimita 5. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa maelfu ya akina mama wa Nigeria na wa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa huduma ya uchungu ambao umeondoa mstari wa tahadhari, umeanza kuhesabu kuanzia sentimita 5, na umeweka nafasi ya kuandika kama mama ana mwenzake wa kumfariji, kama amepewa cha kunywa, kama amepunguziwa maumivu. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita ambamo chombo hicho kilijaribiwa. Kama kweli akina mama wengi hawaendi sentimita 1 kwa saa, basi wodi ambayo karibu kila mama, kwa mujibu wa chati zake, ameenda sentimita 1 kwa saa, inatuambia kitu kuhusu chati, si kuhusu akina mama. Ulinganifu ule na kitabu, tuliouhesabu kuwa ushahidi wa nadharia kutumika, ndio ushahidi kwamba hakuna aliyekuwa pale akipima.

Wanaotathmini ujazaji wa patografu kwa kuhesabu visanduku vilivyojazwa wanapaswa kulikabili jambo hili, na wengi hawalikabili. Mapitio ya Cochrane yaliyoongozwa na Tina Lavender hayakupata ushahidi ulio wazi kwamba kutumia patografu kwa kawaida huboresha matokeo. Jaribio la Shirika la Afya Duniani la Asia ya Kusini-Mashariki, lililochapishwa mwaka 1994 likihusisha zaidi ya akina mama 35,000, lilikuwa limeonyesha uchungu wa muda mrefu ukipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Watu hubishana ni matokeo yapi ya kuaminiwa. Mimi nauliza swali la awali: katika kila hospitali, chati iliyopimwa ilichorwa lini?

Patografu haiko peke yake. Katika wodi za watoto, ambako malaria kali na selimundu huleta watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, chati ya vipimo vya mara kwa mara wakati wa kuongezewa damu hukumbwa na yaleyale. Katika wodi za watoto wachanga jijini Nairobi, David Gathara na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walikaa na kutazama kwa macho ni huduma zipi zilizotolewa na zipi ziliachwa, badala ya kusoma faili. Nao wakakuta kwamba sehemu kubwa ya huduma muhimu haikutolewa. Jacinta Nzinga na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2019 jinsi wauguzi wa wodi kama hizo wanavyowapanga watoto kwa ukali wa hali zao bila kulitamka, na jinsi kazi zilizobaki zinavyowaangukia mama na wanafunzi. Hiyo ndiyo nadharia ya pili ninayoizungumzia. Ina kanuni zake: anayelia ana pumzi, mzazi wa mara ya kwanza anaweza kusubiri, mzazi wa mara ya sita hasubiri, mwenye jeraha la upasuaji wa zamani asiachwe peke yake. Baadhi ya kanuni hizo ni za busara, zimelipiwa kwa uzoefu mchungu. Nyingine ni za hatari. Ile ya anayelia ana pumzi, kwa mfano, humhukumu mama aliyefundishwa nyumbani kwamba mwanamke hajifungui kwa kelele. Na mwanafunzi aliyetoka Taita au Mandera, asiyejua Kijaluo, hana hata njia ya kumuuliza kilichobadilika. Kwa kuwa kanuni hizi hazitajwi, za busara na za hatari hurithiwa pamoja.

Kuna pingamizi zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba ninausafisha uongo. La. Rekodi ya kubuni inaweza kuua: daktari anayeitwa saa kumi usiku huisoma, huiamini na kuamua. Mwanafunzi anayebuni anakosea, na mkufunzi akijua amwambie hivyo waziwazi. Ninachokataa ni kulifanya kosa hilo kuwa la tabia ya mtu mmojammoja, wakati mtahini anampunguzia alama aliyeacha nafasi tupu ya kweli na kumwongezea aliyejaza nafasi isiyo ya kweli. Taasisi inayolipa kitu fulani isishangae kukipata.

Pingamizi ya pili ni kwamba yote haya ni uhaba tu. Waajiri wauguzi, pengo litajifunga. Waajiriwe, na haraka. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, ulioanza Juni na kumalizika Novemba, uliwaonyesha watu wa kaunti hizi thamani ya muuguzi kwa njia chungu kuliko makala yoyote, na wanafunzi waliokuwa mafunzoni wakati huo walipoteza miezi ya wodi ambayo hakuna maabara iliyoweza kuirudisha. Lakini watafiti wa mradi wa RN4CAST waliripoti huduma zinazoachwa bila kufanywa katika nchi 12 za Ulaya, zenye wauguzi wengi kuliko sisi. Uhaba huamua ni kiasi gani kitaachwa. Hauwezi kutufundisha tuache nini. Hilo ni suala la elimu hata siku ambayo wodi itakuwa imejaa watumishi.

Ya tatu hutolewa na wenzangu wa mitaala: kwamba mwanafunzi tayari hutahiniwa katika usimamizi wa wodi, na humo hujifunza kupanga vipaumbele. Nimeutazama mtihani huo mara nyingi. Mwanafunzi hugawa kazi, huhesabu vifaa, huandika ripoti ya makabidhiano, huongoza raundi. Huulizwa amempa nani kazi gani. Haulizwi ni kazi gani alijua haitafanyika leo na kwa nini alichagua hiyo. Tena siku ya mtihani wodi hupangwa vizuri. Wenzake huja kumsaidia ili afaulu, nami sijawahi kuwa na moyo wa kuwalaumu. Huo ni mtihani wa siku ambayo haipo.

Pingamizi ya nne ndiyo nzito, na sidai kuimaliza. Inasema kwamba ukimfundisha mwanafunzi namna ya kuacha, umeuhalalisha uhaba. Serikali ya kaunti itasema, kumbe wanaweza kumudu na wawili. Ninaihofu hoja hiyo. Jibu langu ni kwamba uhaba unajificha vizuri zaidi chini ya chati safi. Afisa wa kaunti akifungua mafaili ya wodi ambayo kila patografu imejaa kila nusu saa, ana haki ya kuamini kwamba wauguzi wanatosha. Patografu yenye nafasi tupu iliyoelezwa, kwamba saa nane hadi saa tisa na nusu hakuna aliyepima kwa sababu muuguzi wa zamu alikuwa na mama aliyetokwa na damu, ni hati ya madai ya ajira yenye tarehe na saa.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayahitaji midoli. Patografu ifundishwe kwa akina mama watatu tangu somo la kwanza, pamoja na ile hesabu ya dakika 60, na darasa libishane: nani apimwe kila nusu saa, nani kila saa moja, kwa dalili gani mpangilio ubadilike, na ni nani mwenye mamlaka ya kuubadilisha. Historia ya Salisbury isomwe, ili mwanafunzi atakayepelekwa Mbita au Bondo aweze kuisogeza saa yake ya rufaa akijua anachokifanya. Kitabu cha stadi kiongezwe ukurasa wa yaliyoachwa: nini, saa ngapi, kwa uamuzi wa nani, na mama alipimwa tena lini. Muuguzi wa wodi anayekaa na mwanafunzi kuujadili ukurasa huo alipwe kwa saa hiyo, na mlipaji awe chuo, kwa kuwa chuo ndicho kinachopokea karo. Na mtahini atoe alama zaidi kwa nafasi tupu iliyoelezwa kuliko anavyotoa kwa nambari isiyo na mpimaji.

Jambo gumu ni kinga. Baraza la Wauguzi lina mamlaka ya kisheria ya nidhamu, na muuguzi anayeandika kwamba hakupima anaandika kitu kinachoweza kusomwa dhidi yake mahakamani au mbele ya kamati. Mwanafunzi ni dhaifu zaidi, kwa kuwa hata usajili hana bado. Bila waraka wa Baraza unaosema wazi kwamba maelezo ya ukweli ya huduma iliyoachwa katika ukurasa wa mafunzo hayatatumiwa kama ushahidi wa uzembe, isipokuwa pale uzembe umethibitishwa kwa njia nyingine, sioni kwa nini mwenye akili timamu aujaze. Waraka huo hautagharimu kaunti shilingi, ila utawagharimu wakubwa kukubali hadharani kwamba huduma huachwa.

Nikiruhusiwa kutabiri, chuo cha kwanza kitakachokubali utaratibu huu kitaleta mbele ya watahini, katika mwaka wake wa kwanza, patografu mbaya kuliko za vyuo vyote vya ukanda wa Ziwa: zenye mapengo, zenye saa zisizo kamili, zenye mistari isiyofuata kitabu. Mkuu wa chuo hicho ataitwa kujieleza. Aende na ile hesabu ya dakika 60, na aombe chati za vyuo vingine ziwekwe mezani pamoja na zake, zipimwe kwa matokeo ya Nigeria na Uganda.